Taa ya kutafutia mishipa, nimeitumia hapa Kigoma: mshipa inauonyesha, ila kama ni ateri haikwambii

Nimeulizwa sana kuhusu hii taa, na manesi wenzangu wa vituo vya hapa mjini, na wamama walioona tukiwamulikia watoto wao wakadhani ni mashine ya picha, kwahiyo acha niandike yote sehemu moja. Mi ni nesi, nipo kituo kidogo cha afya njia ya kushuka Ujiji, vitanda vichache, wagonjwa wetu ni wale wale wa kila siku, malaria, kuharisha na kutapika, wajawazito, wazee wa presha na sukari. Karibu wote hao wakilazwa lazima wapite kwenye kanula, kale kamrija ka plastiki kanakoachwa ndani ya mshipa. Ndo maana kitu chochote kinachosema kitarahisisha kuweka kanula tunakipokea kwa mikono miwili, na ndo maana nataka niseme yote, mazuri yake na yale ambayo muuzaji hakuyaandika kwenye boksi.

Kwanza mjue naongelea ipi maana ziko aina nyingi. Kuna zile kubwa za gharama, kama AccuVein, zinatoa mwanga usioonekana kwa macho, damu inaunyonya ule mwanga, halafu mashine inakuchorea ramani ya mishipa juu ya ngozi yenyewe. Hizo sijazitumia kazini kwahiyo siziongelei kwa undani. Yetu ni ile ya mkononi ya bei ya chini, iliagizwa Kariakoo ikaja na basi, ina ncha mbili zenye vitaa vidogo vyekundu na vya rangi ya chungwa. Unaiweka juu ya ngozi, mwanga unazama chini, damu iliyo kwenye mshipa inaunyonya, basi katikati ya ule wekundu unaona mstari mweusi unakatiza. Huo mstari ndo mshipa, na katikati ya zile ncha mbili ndo pameachwa nafasi ya kuchomea.

Kwa watoto inasaidia, tena sana. Yule mtoto mnene wa miezi minane, mkono umejaa mpaka una mikunjo, umepapasa weee hujapata kitu, mama yake amekukazia macho na mtoto mwenyewe ana homa analia mpaka sauti imekauka, hapo unaweka taa chini ya kiganja mwanga unapenya mpaka juu, na mgongo wa kile kiganja unaona vimishipa vimetandaa vizuri kabisa. Mnajua malaria ya huku kwetu, ule utafiti wa kitaifa wa 2017 Kigoma ndo ilikuwa ya kwanza nchi nzima, karibu mtoto mmoja kati ya wanne chini ya miaka 5 alikutwa na vimelea, na wa 2022 wakaongoza jirani zetu wa Tabora. Mtoto mwenye malaria kali anachomwa atesuneti anapofika, saa 12 baadaye, na saa 24 baadaye, kwahiyo hiyo kanula ikishawekwa inakaa mkononi mwake siku nzima na zaidi. Ukiipata mara ya kwanza bila kumtoboa toboa umemsaidia mtoto, mama na wewe mwenyewe.

Usiku umeme ukikatika ndo inafanya kazi vizuri zaidi, giza ni rafiki yake. Mchana dirisha likiwa wazi huoni kitu, inabidi ufunge pazia au umfunike mgonjwa mkono na kitenge. Na kwa watu wazima wenye ngozi nyeusi kama yangu nisiwadanganye, inapungua nguvu sana, rangi ya ngozi yenyewe inaunyonya ule mwanga kabla haujafika kwenye mshipa. Picha ya kwenye boksi ni mkono mweupe, mstari umekolea utadhani umechorwa na kalamu, usitegemee utaona hivyo kwa mvuvi wa Kibirizi aliyeungua jua la ziwani. Utaona kivuli. Mara nyingine kivuli kinatosha.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nikae niandike.

Tangazo la muuzaji linasema ukiwa na hii taa huwezi kukosea mshipa. Hilo sio kweli na ni maneno ya hatari, kwa sababu taa inaonyesha damu ilipo, haionyeshi damu inatoka wapi inaenda wapi. Vena inarudisha damu kwenye moyo, ateri inaipeleka vidoleni kwa presha, na zote mbili zikiwa karibu na ngozi zitatokea kama mstari mweusi. Tena kwa watoto wachanga, madaktari wanaotaka kuchukua damu ya ateri kwa makusudi, wanamulika mkono wa mtoto karibu na kifundo na taa ya aina hii hii ili waione ateri. Kwahiyo kifaa kile kile mmoja anatafutia vena, mwingine anatafutia ateri, na chenyewe hakijui tofauti. Kwa mtu mzima ateri nyingi ziko chini, mwanga wa hii taa ndogo haufiki, kwahiyo mara nyingi ule mstari unaouona ni vena kweli. Shida ni ile mara moja moja, na hiyo mara moja mtu anaweza akapoteza vidole.

Nieleze sehemu zenyewe maana hata mgonjwa ana haki ya kuzijua. Nyanyua dole gumba lako juu kwa nguvu, utaona kishimo kinatokea pale chini yake, upande wa kifundo cha mkono. Ateri ya radiali, ile ile tunayoishika kupima mapigo, inatoka upande wa mbele wa kifundo, inazunguka, inapita ndani ya hicho kishimo, ndo inaingia kiganjani kati ya mfupa wa gumba na wa kidole cha shahada. Na juu ya hapo hapo inapita vena moja nene, imenyooka, imekaa vizuri, manesi na madaktari wanafunzi wakiiona tu wanaikimbilia. Mi naielewa hamu yenyewe, vena ile inavutia. Ila chini yake kuna ateri, na kando yake kuna neva ya radiali ambayo ukiichoma mgonjwa anaruka, na anaweza akabaki na ganzi au maumivu ya muda mrefu. Halafu kuna watu, sio wengi ila wapo, ambao ateri yao haikai ndani ya kishimo, inapanda juu ya kano kabisa, chini ya ngozi tu, upande wa mgongo wa mkono. Huyo ukimmulika utaona mstari mzuri kuliko yote.

Kwenye kiwiko pale tunapotolea damu, upande wa ndani ulio karibu na mbavu, ateri kubwa ya mkono inapita chini ya vena na katikati yao kuna utando mwembamba tu. Ukizidisha kina au ukichoma kwa kusimamisha sindano unaweza ukapita vena ukatokea kwenye ateri. Na upande wa mbele wa kifundo cha mkono, pale tunapovalia saa ila kwa ndani, mi siwekagi kabisa, hata taa ionyeshe nini.

Kwahiyo kazi ya kutofautisha inabaki kwenye kidole, na hapa kuna jambo moja ambalo nawasisitizia wanafunzi wakija field kwetu mpaka wananizoea: papasa mapigo KABLA hujafunga turnikea, ule mpira wa kubana mkono ili mshipa ujae. Watu wengi wanafunga kwanza, wanapiga piga mkono, mshipa unatokea, ndo wanaweka kidole kuangalia kama unadunda. Umechelewa. Turnikea ukiikaza sana, hasa tukiwa tunafunga na glovu kwa sababu turnikea ya kweli imepotea, inaweza ikabana mpaka ateri yenyewe isidunde, na presha ya mgonjwa ikiwa chini ndo kabisa. Hapo ateri inakaa kimya chini ya kidole, unaiona ni vena, unachoma. Mkono ukiwa huru weka vidole viwili kwa utulivu, usikandamize, subiri. Kikidunda, hama. Halafu ukishafunga turnikea shika tena mapigo ya kifundo, yanatakiwa yawepo bado, kama yamepotea umekaza mno, legeza.

Na vena nzuri inajulikana, ukiibonyeza inabonyea na kurudi kama tyubu ya baiskeli iliyojazwa nusu, ukiisukuma damu na kidole inajaa tena kutokea upande wa vidoleni. Hata kwa kutumia taa unaweza kuona hilo, ukiigandamiza taa kidogo tu mstari wa vena unafutika haraka, wa ateri unabisha. Ila usifanye hiyo iwe ndo kipimo chako peke yake, mgonjwa aliyeishiwa maji ateri yake nayo inakuwa laini.

Ngoja niwape tukio la hapa hapa ili muone ninachomaanisha. Mzee mmoja aliletwa na mwanae, wametokea Kibirizi, wameshuka kwenye boti ya vijiji vya kaskazini, ameharisha na kutapika njia nzima. Alikuwa keshawekewa kanula sehemu nyingine kabla ya kufika kwetu, upande wa dole gumba, juu kidogo ya kile kishimo. Chupa ya dripu imenyanyuliwa juu lakini haishuki, na mwanae ameishika anaikamua kwa mikono miwili.

“Dada hii kitu haishuki, nimeikamua tangu tuko kwenye bajaji.”

“Acha kaka, usiikamue tena, ishushe chini kwanza niione. Shikamoo babu.”

“Marahaba mjukuu wangu.”

“Babu mkono huu unausikiaje?”

“Vidole vinawaka moto. Na hili gumba limekuwa la baridi.”

Nikaangalia mrija, damu imepanda ndani yake kama shibiri moja, na ukitulia ukaitazama inapanda kidogo inarudi kidogo, inapanda inarudi, inafuata mapigo ya moyo wake. Rangi haikuwa ile nyekundu ya kung'aa ya vitabuni, ilikuwa imefifia, karibu na nyeusi, maana mzee alikuwa ameishiwa maji na presha iko chini sana. Nikabonyeza kucha ya gumba nikaachia, wekundu unarudi taratibu mno, nikabonyeza ya mkono mwingine ikarudi haraka kidogo. Kwa watu weusi usitafute ngozi kupauka mgongoni mwa mkono, hutaiona vizuri, angalia kucha na kiganja, na kila mara linganisha na mkono wa pili.

Bahati nzuri kilichokuwa kimeingia ni salaini peke yake, yale maji ya chumvi, hakuna dawa. Tukafunga mrija, tukachomoa kanula, nikakandamiza na gozi kwa mkono wangu dakika kumi za saa ya ukutani bila kuchungulia, bila kufunga bandeji ya kukaza. Mwenzangu wakati huo anatafuta vena mkono wa pili, akapata katikati ya mkono wa chini, kanula ya kijani, dripu ikaanza kukimbia. Vidole vikarudi joto taratibu, na baadaye tukampeleka Maweni, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, mkono ukaangaliwe. Kabla hajaondoka nilifunga pazia nikamulika taa yetu juu kidogo ya pale palipotobolewa. Mstari mmoja mweusi umenyooka, ungeupenda. Nikaweka kidole juu yake, unadunda.

Yule aliyemuwekea huko alikotoka simlaumu, mzee amelegea, boti inasubiriwa, ndugu wamekusimamia, unaona kitu kimenyooka unachoma. Ila hapo ndo muelewe kwamba zile dalili tulizokariri shuleni, damu nyekundu inaruka, zinamhusu mtu mwenye presha nzuri na hewa ya kutosha. Mgonjwa wa shoku, yaani presha imeshuka mpaka damu haifiki vizuri mwilini, damu yake ya ateri inaweza ikawa nyeusi na isiruke kabisa. Kwahiyo usitegemee rangi. Dripu ikigoma kushuka na mkono umenyooka na klempu iko wazi, usiikamue chupa, usiiviringishie mashine ya presha kuisukuma, jiulize kwanza iko wapi. Ishushe chupa chini ya kitanda: kama ni vena damu inarudi kimya kimya kwenye mrija, ukiinyanyua tena inasukumwa yote ndani na dripu inaendelea. Kama ni ateri, hata ukinyanyua inabisha kurudi, inasukumana na wewe.

Kilichokuwa kinanitisha mimi kwa yule mzee ni kwamba alikuwa anatapika, na mtu akitapika mkono wa wengi unaenda kwenye promethazini. Hiyo dawa ikiingia ateri inaunguza mshipa kwa ndani, mshipa unajikaza, damu inaganda, nyama ya mbele inakosa damu inakufa. Kuna mama mmoja Marekani, jimbo la Vermont, mwanamuziki anaitwa Diana Levine, mwaka 2000 alienda kutibiwa kipandauso na kichefuchefu, akasukumiwa promethazini kwenye mkono, dawa ikafika kwenye ateri. Mkono ukaoza, wakakata kiganja, baadaye wakakata na mkono wa chini. Mtu anayepiga gitaa! Alishtaki kampuni ya Wyeth iliyokuwa inatengeneza hiyo dawa kwamba onyo kwenye karatasi halikutosha, kesi ikafika mpaka mahakama ya juu kabisa ya nchi yao na akashinda Machi 2009, na mwaka huo huo mamlaka yao ya dawa, FDA, ikaamuru onyo kali lililozungushiwa fremu liwekwe juu kabisa ya karatasi ya maelezo ya sindano hiyo. Ushauri uliobaki mpaka leo ni kwamba promethazini ichomwe kwenye msuli kwa kina, na ikilazimu mshipani izimuliwe na salaini, iingie polepole, na isipitie mishipa ya kiganja wala kifundo. Hiyo sio dawa peke yake. Thiopentali ya usingizi ikiingia ateri inaganda kuwa vichembe vinavyoziba vimishipa vidogo vya vidoleni. Fenitoini, diazepamu, glukosi ile nzito ya asilimia 50, zote ni hatari.

Ndo maana kabla ya dawa yoyote mi natanguliza salaini kidogo kwenye bomba, nasukuma taratibu huku namuangalia mgonjwa usoni na namuuliza. Maumivu ya vena mara nyingi yanapanda juu kuelekea bega. Yakishuka kuelekea vidoleni, moto unawaka kwenye ncha za vidole, simama hapo hapo. Na hili nawaambia nyie wagonjwa na ndugu wa wagonjwa: ukisikia hivyo sema, usione aibu, usijikaze kiume, mwambie “sista vidole vinaungua”, na kama akiendelea kusukuma mwambie tena kwa sauti. Mama umeshika mtoto mdogo asiyeweza kusema, angalia vidole vyake, vikipauka au vikiwa vya baridi kuliko vya mkono mwingine ita mtu.

Na kama dawa imeshaingia ndo mkagundua, acha kusukuma lakini USICHOMOE kanula kwa pupa. Hapo ni tofauti na yule mzee wetu. Kanula hiyo inaweza kuwa njia ya daktari kupitishia dawa za kufungua ule mshipa, ukichomoa umefunga mlango. Nyanyua mkono, ita dokta, andika dawa gani, kiasi gani, saa ngapi, ibandikie alama kwamba iko kwenye ateri mtu mwingine asije akachomea tena, na rufaa iende muda huo huo sio kesho asubuhi.

Turudi kwenye taa. Kuna vitu vya kifaa chenyewe vinanikera. Ukiishika mkono mmoja, mkono mwingine umeshika kanula, wa kuvuta ngozi hakuna, kwahiyo lazima muwe wawili, na usiku zamu ya mtu mmoja inakuwa haina maana. Ukiikandamiza kwa nguvu unaufuta ule ule mshipa unaoutafuta. Sehemu ya kuchomekea chaji imelegea mapema. Na hauwezi kuichemsha wala kuiloweka, inafutwa na spiriti tu, kwahiyo ifutwe kweli kati ya mgonjwa na mgonjwa, sio kupakwa pakwa. Kwa kichanga usiiache imegusa ngozi muda mrefu na usimmulike machoni. Pia kwenye kichwa cha mtoto, kwa wale wanaoweka kanula za utosini na pembeni, mbele ya sikio na kupanda juu kuna ateri inapita hapo, taa itakuonyesha mstari vizuri sana, papasa kwanza.

Nimeulizwa pia kama si bora kununua ile ya gharama inayorusha ramani. Jibu langu ni kwamba ile inaona mpaka kina cha kama sentimita moja hivi na haihitaji mtu wa kuishika kwenye ngozi, ni nzuri kwa hospitali kubwa, lakini kwa hili la ateri haijabadilisha kitu, nayo inaonyesha damu ilipo basi. Hata tafiti zenyewe kuhusu hivi vifaa vya mwanga hazijakubaliana kama kweli vinaongeza kupata mshipa mara ya kwanza, kuna vilipoonekana vinasaidia na kuna vilipoonekana havina tofauti na mikono ya nesi mzoefu. Mashine inayoweza kukuonyesha tofauti ni ultrasaundi, ukibonyeza na ile probu vena inalala bapa, ateri inabaki duara na inadunda, na ukiwasha rangi unaona damu inavyokimbia. Hiyo ikipatikana kwa mgonjwa mgumu, na mtu anayeijua yupo, itumieni.

Nikiipa nyota naipa tatu kati ya tano. Tatu zote ni za wodi ya watoto na za usiku wa giza. Mbili nimezuia kwa sababu ya lile tangazo na ile picha ya mkono mweupe, maana mtu mgeni kazini akiiamini ataacha kupapasa, na kupapasa ndo kunakozuia ajali. Kama zahanati yenu ina hela ya kununua kitu kimoja tu, anzeni na turnikea za kweli za kutosha ili watu waache kufunga na glovu, na kanula za saizi ndogo, za njano kwa vichanga na za bluu kwa watoto wakubwa kidogo na wazee wenye mishipa laini, mara nyingi unakuta stoo zimebaki za kijani na za kijivu tupu, zile nene, na mtu analazimisha. Hizo zikiwepo, nunueni taa.

Na mkiagiza Kariakoo, mwambieni muuzaji aiwashe na aichaji mbele ya mtu wenu kabla haijapakiwa kwenye basi, na aweke na waya wa akiba, wa kwetu ulikufa mapema na hapa mjini aina ile ilikuwa shida kuupata.